Wanaitwa ‘Mzee’ wakiwa na miaka 19: Maisha ya mmishenari kijana Mmormoni

Huenda umewapita mtaani. Vijana wawili, shati jeupe, tai, kibandiko cheusi kifuani, wanakata mguu juani kama watu waliochelewa mahojiano ya kazi. Wengi hudhani ni Mashahidi wa Yehova. Wasomee kile kibandiko vizuri: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Yaani wale tunaowaita Wamormoni.

Kichekesho cha kwanza kiko papo hapo kifuani. Cheo cha mmishenari wa kiume kwa Kiingereza ni ‘Elder’, na machapisho ya kanisa hilo kwa Kiswahili hukigeuza kuwa ‘Mzee’. Kwa hivyo barobaro aliyefanya KCSE juzi, ndevu bado zinajaribu kuota, anajitambulisha kama Mzee Fulani mbele ya wazee wenyewe. Wasichana wameponea, wao ni ‘Dada’.

Kanisa hili si geni hapa. Lilitambuliwa rasmi nchini 1991, misheni ya Nairobi ikaanzishwa mwaka huohuo, na Mei 2025 hekalu lake la kwanza Kenya likawekwa wakfu jijini. Kote duniani lina wamishenari zaidi ya 70,000, wengi wao vijana. Mwaka 2012 lilishusha umri wa kuanza: wavulana kutoka 19 hadi 18, wasichana kutoka 21 hadi 19. Mvulana hutumika miezi 24, msichana 18. Nchi ya kwenda huchagui. Unatuma maombi, unangoja, kisha unaambiwa.

Mshahara? Hakuna. Familia ndiyo huchangia gharama, na isipoweza, kanisa husaidia. Nchini Marekani mchango wa kawaida umekuwa dola 500 kwa mwezi tangu 2020. Lakini kwa Mkenya, bei halisi haiko kwenye hizo dola. Iko kwa kifungua mimba ambaye mama alitarajia atafute kibarua ili mdogo wake alipiwe karo. Iko kwenye nafasi ya chuo inayobidi kuahirishwa. Wenzako wanaanza hasla, wanafungua biashara mtandaoni, wengine wanapata watoto. Wewe miaka miwili unatembea na Biblia na Kitabu cha Mormoni, mfukoni una nauli ya matatu. Kijana anayekubali hilo, hata kama imani yake si yako, amelipa kitu.

Siku kwa kawaida huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi, staftahi, kusoma maandiko, kisha barabarani hadi usiku. Taa huzimwa saa nne na nusu. Siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, ni ya kufua, kununua mboga na kupumzika. Kuchumbiana ni marufuku kipindi chote.

Kisha kuna chai. Wamormoni hawanywi pombe, hawavuti sigara, hawagusi kahawa wala majani ya chai. Sasa hebu fikiria kanuni hiyo ikiingia nyumba ya Kenya. Mama amekukaribisha, hakujui, bado amewasha jiko, amepima maziwa, ametoa vikombe vile vizuri vya wageni. Chai ya mgeni haikataliwi hapa kwetu. Ukiikataa ni kama umemkataa mwenye nyumba. Mmishenari hujifunza mapema kuuliza kama kuna uji, kakao au maziwa matupu, tena aulize kabla majani hayajaingia kwenye sufuria. Adabu hiyo ya kukataa bila kuudhi hakuna chuo kinachoifundisha.

Maswali nayo hayaishi. Si nyinyi ndio mnaoa wake wengi? Kanisa lilitangaza kuacha ndoa hizo 1890. Lile gumu zaidi linahusu rangi: hadi Juni 1978, wanaume Weusi hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hili. Mmishenari Mwafrika anayeulizwa hilo mlangoni hawezi kujificha nyuma ya tabasamu. Inabidi awe amejijibu mwenyewe kwanza.

Bado kuna mwenzake. Wamishenari hutembea wawili-wawili saa zote, hulala chumba kimoja, na hawaruhusiwi kuachana. Humchagui mwenzako, na baada ya wiki sita hivi mmoja anaweza kuhamishwa. Ukipangwa na anayekoroma, anayenuna au asiyeosha sufuria, hakuna pa kukimbilia. Ukipangwa na Mmarekani, jiandae pia kwa watoto wa mtaa kuwafuata wakiimba “mzungu”, na watu wazima wanaodhani nyinyi wawili mna ufadhili mfukoni. Hata hivyo hapo ndipo raha nyingi hupatikana: kumfundisha mtu wa Utah kusonga ugali, akauunguza, mkaula hivyohivyo na sukuma mkicheka.

Kwa wasichana kuna kero yao. Kuna wanaume wanaokubali somo kwa sababu ya mwalimu tu. Kanuni inakataza kufundisha mtu wa jinsia nyingine bila mtu mzima mwingine kuwepo, na nadhani hiyo ni mojawapo ya kanuni ambazo Dada hazilalamikii.

Upweke ulikuwa mkali zaidi zamani. Barua pepe ilikuwa mara moja kwa wiki, na simu ya nyumbani ilipigwa Krismasi na Siku ya Mama pekee. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kupiga simu, hata ya video, kila wiki. Mama anaona kama umekonda. Wewe unaona ukuta umepakwa rangi mpya na hukuambiwa.

Furaha zenyewe ni ndogo-ndogo. Mlango uliofungwa mara tatu ukafunguliwa mara ya nne. Kumchotea maji bibi asiyetaka kusikia habari za dini yako, akakuita mjukuu. Kijana aliyekuwa akitetemeka kusimama mbele ya darasa, sasa anazungumza na mtu asiyemjua kwenye steji bila kumeza mate.

Halafu siku inafika, kibandiko kinavuliwa, na anarudi kwao. Kazi bado hana. Anatumwa dukani kununua maziwa, anafika langoni, anasimama na kugeuka kumngoja mwenzake.