Tamasha la Ngoma la Bagamoyo, Mwisho wa Njia ya Wapagazi

Wasomaji wa Unyamwezi hawana haja ya kuelezwa jina la Bagamoyo. Babu zao walilijua kwa mabega. Aliyekaa Kipalapala, au Kwihara, au Tabora penyewe, alipotaka kwenda pwani alijitwika mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, akafuata njia ya Ugogo kwa miezi. Bwana Burton katika mwaka 1857 alitumia siku 134 toka pwani hata Tabora. Bwana Stanley katika mwaka 1871 alitumia siku 84, naye alikwenda kwa haraka. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na nyuma yake mpiga ngoma. Wapagazi waliimba njia nzima. Basi nyimbo za bara zilifika pwani pamoja na pembe za ndovu, wala hazikutozwa hongo.

Nimeanza na hayo kwa sababu mji huo mdogo ulipata kusahauliwa. Wadachi walihamisha makao ya serikali yao kwenda Dar es Salaam katika mwaka 1891, na reli ilipofika Tabora katika mwaka 1912 ilipita mbali na Bagamoyo. Mizigo ikatoweka. Lakini tangu mwaka 1982 ngoma za bara zimekuwa zikishuka huko tena kila mwaka, na yafaa tufahamu jinsi ilivyotokea.

Katika mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akasema ya kwamba vijana walifundishwa dansi za Wazungu lakini ngoma za wazee wao hawakufundishwa. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, kikakusanya wachezaji na wapigaji wa makabila mbalimbali. Hawa hawakuwa watu wa kusomea ngoma. Waliijua kama mtu ajuavyo kulima. Hata katika mwaka 1981 kilifunguliwa Chuo cha Sanaa huko Bagamoyo, na wengi wa wasanii hao wakawa walimu. Mwaka uliofuata likafanywa tamasha la kwanza, ili wanafunzi waonyeshe mbele ya watu yale waliyojifunza. Basi mwanzo wake ulikuwa kama mtihani, ila wasahihishaji walikuwa umati mzima uliosimama. Mtihani wa namna hiyo ni mkali kuliko wa karatasi.

Pakaongezwa michezo ya kuigiza, sarakasi na muziki wa ala, wakaja na wageni wa nchi nyingine. Kwa miaka mingi lilifanywa mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati wa kiangazi, na zamani Wanyamwezi nao walishuka pwani kiangazi, wakarudi mashambani mvua zilipokaribia. Katika mwaka 2002 moto uliteketeza ukumbi wa chuo. Ukumbi mpya ukaja kujengwa, na tamasha halikukoma. Katika mwaka 2007 chuo kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na katika mwaka 2021 tamasha lilitimiza mara ya 40.

Katika walimu wa kwanza nitamtaja mmoja, Hukwe Zawose, Mgogo. Wagogo ndio waliowatoza wapagazi wetu hongo ya maji na njia, na mwana wao akaja kuwa fahari ya mji ule ule ambao misafara ilikwenda. Alipiga zeze, na ilimba, yaani marimba ya ndimi za chuma ambayo hupigwa kwa vidole gumba, akaimba kwa sauti nene na kwa sauti nyembamba ya ajabu. Alisikiwa Ulaya na Japani. Akafariki tarehe 30 Desemba, 2003. Jamaa zake wengi ni wapigaji, kwa hiyo ala zake hazikunyamaza. Lakini si kila mwalimu wa kizazi kile aliyeacha nyumba iliyojaa warithi.

Hapo ndipo lilipo shaka langu. Katika ngoma zinazofundishwa Bagamoyo iko Bugobogobo ya ndugu zetu Wasukuma, inayochezwa kwa majembe. Shambani, ngoma hiyo ni kazi: wakulima husimama mstari mmoja, mpigaji akaongeza mwendo, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na mvivu akaonekana mara moja. Jukwaani majembe hurushwa juu na kudakwa kwa ustadi mwingi, na watazamaji hushangilia, lakini hakuna tuta linalobaki nyuma ya wachezaji. Wako wazee wanaosema kwamba huko ni kuiharibu. Mimi sioni hivyo, maana mtoto wa Bagamoyo asiyepata kuiona Mwanza angeijuaje? Ila yafaa walimu wa shule za vijijini wasidhani kwamba ngoma imehifadhiwa Bagamoyo, nao sasa wanaweza kuiacha. Mwanafunzi anaweza kukopa hatua na pigo kwa mwalimu wake. Akitaka kujua kwa nini pigo lile hukawia kidogo kabla halijashuka, hana budi kupanda tena njia ya bara, akasimame katika mstari wa walimaji, mahali ambapo udongo ni mgumu.