Aliyeacha Asili na Aliyenyang'anywa

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii husikika sana likizo za shule zikaribiapo, wakati wazazi waishio mijini wafikiripo kuwapeleka watoto wakaone walikotoka mababu zao. Azma hiyo ni njema na tunaiunga mkono. Hata hivyo tungependa wazazi waipime methali yenyewe kabla ya kufunga safari, kwa maana katika pwani yetu ya Tanga inao upande wa pili usiosemwa.

Tuchukue mfano wa familia itokayo Tanga mjini kwenda Mkwaja, kijiji cha pwani kusini mwa Wilaya ya Pangani. Baada ya kilomita 17 hivi watafika Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40 ya mawe. Pangani watasimuliwa habari za Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani hata akanyongwa mjini humo mwezi Desemba, 1889. Wakiisha kuvuka mto watakuwa jirani na Kikogwe, ambako mwaka 1893 miche 62 ya mkonge iliyonusurika katika safari ndefu kutoka Florida ilianzisha mashamba ya mkonge nchini. Kisha Kipumbwi, na hatimaye Mkwaja yenyewe, iliyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Safari hiyo ina elimu nyingi. Lakini elimu hiyo yote ni ya watu wenye majina. Je, ni nani waliokata miwa katika bonde la Pangani? Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Sultani Barghash alipoipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, wafanyabiashara waliwapitisha watu kwa miguu, wakifuata pwani kuelekea kaskazini. Utumwa katika Tanganyika ulikomeshwa kisheria mwaka 1922 tu. Maana yake ni kwamba wapo wazee walio hai leo ambao bibi zao walizaliwa utumwani. Baada ya hao wakaja manamba wa mkonge, waliotoka mikoa ya mbali na hata nchi jirani, na wengi wao hawakurudi kwao.

Katika nyumba nyingi za pwani mtoto huambiwa upesi juu ya babu aliyetoka Arabuni au Shirazi. Akiuliza juu ya bibi aliyeletwa kutoka bara, mzee hukohoa na kubadili mazungumzo. Sababu tunazielewa. Neno hilo limewahi kuvunja posa, na limewahi kutumiwa katika ugomvi wa shamba. Lakini mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akapewa jina jingine na kuuzwa, hakuiacha asili yake. Alinyang'anywa. Aibu ni ya mnyang'anyi, wala si ya kitukuu wa aliyenyang'anywa.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi kwamba, wafikapo Mkwaja, wasitangulie ufukweni wala kwenye wanyama. Wampe kwanza mzee wa nyumba heshima yake, wakae naye barazani, nao watoto wawe na daftari. Wamwulize majina ya waliomtangulia, walikotoka, na jina walilokuwa nalo kabla ya kufika pwani. Wasimlazimishe, akinyamaza leo, huenda atasema kesho akiona kwamba hakuna anayecheka. Kisha awaongoze makaburini, awaonyeshe yale yasiyo na maandishi.

Magofu kama ya Tongoni yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo huyahifadhi majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kaburi lililowekewa kipande cha tumbawe tu kichwani halina mlinzi ila yule anayekumbuka ni la nani, na mlinzi huyo sasa ana umri mkubwa. Magofu yatangoja likizo nyingine. Mzee huenda asingoje, na akienda na majina hayo hapatakuwa na kitabu cha kuyatafuta. Wazazi na wafunge safari mwaka huu.