Jana Mtoto Alikula Nini?

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewauliza wenzetu kliniki: "Mtoto unampa uji wenye karanga?" Nao hunijibu, "Ndiyo, sista." Kisha namweka mtoto kwenye mizani, na mizani inasema mengine.

Sikujua kuwa kosa ni la swali langu, hadi binti mmoja wa kanisani kwetu, anayesoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dodoma, aliponiomba nimsindikize vijijini upande wa Haubi, kwani Kirangi chake ni cha kubabaisha. Alikuwa akijifunza mbinu za utafiti wa jamii. Nilidhani ni mambo ya hesabu. Kumbe sehemu kubwa ni adabu ya kuuliza.

Kwanza alinikataza kuvaa sare. "Mama, wakiiona watajibu wanachodhani unataka kusikia." Tena hakuuliza kama mtoto anapewa hiki au kile, bali: "Jana, tangu alipoamka hadi alipolala, alikula nini?" Mama akahesabu kwa vidole: chai ya rangi, ugali wa uwele kwa mlenda, jioni ugali tena. Karanga zilikuwa zimeuzwa ili kununua madaftari ya wakubwa. Niliona haya. Mama huyo nilikwisha kumgombeza kliniki.

Kila nyumba binti alieleza kwanza kwamba mtu ana haki ya kukataa, wala hatanyimwa huduma yoyote. Mmoja alikataa kweli. Mimi nilitaka kumbembeleza. Binti akamshukuru, akafunga daftari. (Wauguzi, tusikie.)

Njia ya kuketi na watu haikuanza leo. Marja-Liisa Swantz, mama kutoka Ufini, aliishi na Wazaramo wa pwani, na mwaka 1970 akatoa tasnifu yake ya udaktari juu ya mila zao, hasa za wanawake. Mwaka 1975 ukaanza mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, ambamo watafiti wa Tanzania na Ufini walichunguza mambo pamoja na wanakijiji, si kuwachunguza wao tu.

Kwetu Kondoa watafiti si wageni. Mradi wa HADO ulianza mwaka 1973 ili kuokoa ardhi iliyoliwa na makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Wasomi wakaja kupima na kuuliza. Ndiyo maana bibi mmoja, baada ya shikamoo zetu, alituuliza yeye: "Wenzenu walinihesabia ng'ombe, wakanihesabia watoto. Majibu yetu mliyapeleka wapi?"

Binti alinyamaza. Kisha akakiri kwamba tasnifu nyingi huishia maktaba. Akaliandika swali lile daftarini, neno kwa neno.

Ameahidi kurudi baada ya mavuno, awasomee akina mama aliyoyapata kabla hajayapeleka chuoni. Bibi amesema atakaa mbele kabisa, maana sikio moja halisikii vizuri.