Je, Wajua? Git na Amri Zake za Kuongezea

Git ni ule mfumo wa kutunza matoleo wanaoutumia waandika programu wengi duniani: unakumbuka faili ilikuwaje jana, juzi na mwaka juzi, na nani aliigusa mara ya mwisho. Wengi wanaijua kwa amri nne tano za kila siku, basi. Pembeni yake, hata hivyo, kuna amri chungu nzima zilizotungwa na watu wa nje: programu jalizi ndogo ndogo unazoziandikia kwenye dirisha lilelile la amri. Hizi hapa chache, na vituko vyake.

Ukitaka amri mpya, jina tu linatosha

Kuiongezea Git amri mpya huombi ruhusa kwa mtu, husajili popote, wala huhitaji kujua Git imeandikwaje kwa ndani. Programu yoyote ambayo jina lake linaanza na `git-`, ikiwekwa kwenye folda ambazo kompyuta hutafutia amri (orodha yake huitwa `PATH`), tayari ni amri ya Git.

Jaribu mwenyewe. Fungua faili tupu uiite `git-habari`. Mstari wa kwanza andika `#!/bin/sh`, wa pili andika `echo "Salama"`. Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x git-habari`, ihamishie kwenye folda mojawapo iliyotajwa katika `PATH`, kisha andika `git habari`. Git itakujibu: Salama. Mistari miwili tu, nawe umeshatunga amri ya mfumo unaotunza msimbo wa Linux! Iandike kwa Python, Go, Rust au lugha nyingine yoyote, Git haiulizi.

Ilitumia siku nne kuanza kujitunza yenyewe

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuiandika Git tarehe 3 Aprili 2005, na tarehe 7 mwezi huohuo Git ikawa inatunza msimbo wake yenyewe. Haraka ilikuwa na sababu: watengenezaji wa Linux walikuwa wameondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kampuni waliyokuwa wakiitegemea.

Git ile ya mwanzo ilikuwa rundo la vijiprogramu, kila kimoja na kazi yake. Kwa miaka kadhaa, ukiisakinisha ilikujazia kompyuta amri zaidi ya mia zenye majina kama `git-add` na `git-commit`. Toleo la 1.6.0, mwaka 2008, ndilo lililozihamishia kwenye folda ya kando. Utaratibu wa majina ukabaki vilevile, na wenye amri zao za kuongeza wakaendelea kunufaika.

Hata amri yako ya nyumbani inasahihishwa tahajia

Ukikosea ukaandika `git habri`, Git hupitia amri zote inazozijua, na za kuongezea zikiwamo, halafu inakutajia inayofanana zaidi, `habari`. Kuna hata mpangilio uitwao `help.autocorrect` unaoiruhusu isahihishe na kuendelea bila kukungoja sana. Wengi waliuwekea namba 1 wakidhani ni sekunde nzima ya kujihami. Kumbe kwa miaka mingi namba hiyo ilimaanisha sehemu ya kumi ya sekunde! Kwa sekunde 0.1, hata kidole hakijainuka kwenye kibodi.

Jumatatu inajua kuruka hadi Ijumaa

Timu nyingi za programu hukutana asubuhi dakika chache, kila mtu aseme jana alifanya nini. Kwa waliosahau (na nani hasahau?) kuna `git standup`, inayokuorodheshea kazi zako za siku ya kazi iliyopita. Jumatatu haikuletei Jumapili iliyo tupu. Inarudi hadi Ijumaa.

Na kwa aliye Muscat, ambako juma la kazi ni Jumapili hadi Alhamisi, unaongeza tu `-w SUN-THU`, nayo inaelewa. Mtu aliyeketi kutunga kiprogramu kidogo namna hii akakumbuka kwamba wikiendi si moja duniani kote, huyo ni wa kupewa kahawa.

Unaweza kuipa kazi yako namba inayoanza na “dada”

Kila badiliko unalohifadhi, wenyewe wanaliita komiti, hupewa utambulisho wa herufi 40 unaokokotolewa kutoka yaliyomo ndani yake. Herufi zinazotumika ni tarakimu 0 hadi 9 na a hadi f, basi. Hakuna anayechagua, unapewa unaotoka.

Ila kuna wakorofi. Programu jalizi iitwayo lucky-commit huongeza nafasi zisizoonekana mwishoni mwa ujumbe wa komiti yako, inakokotoa, inaangalia, inabadilisha nafasi, inakokotoa tena, mpaka utambulisho uanze na herufi ulizotaka wewe. Usipoiambia kitu, inatafuta sifuri saba mfululizo, na hapo inapambana na uwezekano zaidi ya milioni 268. Herufi nne ni kazi nyepesi, uwezekano 65,536 tu. Nasi Waswahili tumebahatika: `baba`, `dada`, `beba`, `debe`, hata `abee`, zote zinaandikika kwa herufi hizo sita. Mama, samahani, m haimo.

Faida yake? Hakuna kabisa. Lakini inakuonyesha kwa macho kwamba nafasi moja tupu ikiongezwa, utambulisho wote unageuka, na hilo ndilo linalomzuia mtu kuchezea historia ya mradi kimyakimya.

Git yenyewe inakuelekeza kwa jirani

Ukihifadhi nywila ndani ya mradi kwa bahati mbaya kisha ukafuta faili, nywila bado ipo: historia inaitunza. Git ina amri yake ya kusafisha historia, `git filter-branch`. Iendeshe leo uone ajabu: inakuonya kwamba ina mitego mingi, inatulia kidogo ili upate nafasi ya kughairi, na inakushauri utumie `git filter-repo`, ambayo haikuja nayo. Ni faili moja ya Python, imeandikwa na Elijah Newren. Ni nadra kukuta chombo kinachomwambia mteja aende duka la pili.

(Nywila iliyokwisha kutoka nje, ibadilishe tu. Kusafisha historia hakumsahaulishi aliyekwisha kuiona.)

Faili la video ghalani, stakabadhi mkononi

Git hutunza kila toleo la kila faili, na kwa kawaida anayenakili mradi hupewa yote. Kwa maandishi haina neno. Kwa video na picha kubwa, bando linalia. Mwaka 2015 kampuni ya GitHub ilileta Git LFS: faili kubwa linawekwa kwenye seva, na ndani ya mradi kunabaki kijifaili cha mistari mitatu kinachotaja toleo la mfumo, alama ya faili halisi na ukubwa wake. Mkulima wa korosho wa Mtwara hahitaji kuelezwa zaidi, huu ni mfumo wa stakabadhi ghalani.

Nyingine inakataa kufuta nakala ya mwisho

`git annex`, iliyoanzishwa na Joey Hess mwaka 2010, inakumbuka mafaili yako makubwa yamekaa wapi: kwenye kompyuta, kwenye seva, hata kwenye diski uliyoichomoa ukaiweka kabatini. Andika `git annex whereis` na jina la faili, inakutajia. Ukijaribu kuondoa nakala moja, kwanza inahakikisha nakala nyingine zipo kweli kwa idadi uliyoipanga. Zisipopatikana, inagoma.

Mwenyewe alirudi kuwatuliza mashabiki

Januari 2010 Vincent Driessen wa Uholanzi alichapisha maelezo ya namna ya kupanga matawi ya kazi katika Git, pamoja na programu jalizi ya git-flow. Mpango wake ukaenea kiasi kwamba timu nyingine ziliushika kama amri ya dini. Miaka kumi baadaye, Machi 2020, aliongeza maelezo juu ya andiko lake: kama timu yako inatoa matoleo mapya mfululizo, tafuteni utaratibu mwepesi zaidi ya huu wangu.

tig

Ni git iliyosomwa kinyume, na kazi yake ni kukuonyesha historia ya mradi kwa rangi ndani ya dirisha la amri, uipitie kwa mishale ya kibodi. Ipo tangu 2006. Ndiyo ya kwanza ningemwekea anayeanza.

Windows ilikuwa inachukua nusu siku kunakiliwa

Microsoft ilipohamishia Windows kwenye Git, ilikuta mzigo wa mafaili kama milioni 3.5, uzito wa gigabaiti 300 hivi. Kuunakili kulichukua zaidi ya saa 12, na kuuliza tu “nini kimebadilika?” kulichukua kama dakika 10. Mwaka 2017 ikatangaza nyongeza yake, iliyokuwa ikileta faili pale tu unapoihitaji, na kunakili kukashuka hadi kama dakika moja na nusu. Ikafuatiwa na nyingine iitwayo Scalar, na Oktoba 2022 Scalar ikaingizwa ndani ya Git yenyewe, toleo la 2.38.

Wazo hilohilo la kuleta unachohitaji tu halikubaki kwa matajiri wa seva. Git ya kawaida inalo, hata ile unayoisakinisha kwenye simu ya Android kupitia Termux: andika `git clone --filter=blob:none`, kisha anwani ya mradi. Utapata orodha nzima ya historia, lakini yaliyomo kwenye mafaili ya zamani yatashushwa siku utakapoyaulizia. Kwa mradi mkubwa ambao umefungua tu kusoma msimbo wa leo, bando litakaa.