Mkristu Siku ya Taabu



Ndugu wapenzi, ninyi mnaosikiliza somo hili nyumbani, na ninyi mnaosomewa na katekista baada ya sala ya Dominika, leo twataka kujibu ulizo ambalo tumelisikia mara nyingi vijijini. Watu hutuambia: «Tulipobatizwa tulichoma hirizi zetu. Mbona homa haikutuacha? Mbona mihogo yetu inaharibika sawasawa na ya wasiobatizwa?» Ulizo hili ni la haki, nalo lastahili jibu la kweli.

1. Ubatizo si hirizi

Hirizi humdanganya mtu kwamba hatapatwa na neno. Ubatizo haudanganyi. Umetufuta dhambi, umetufanya wana wa Mungu na ndugu wa Yezu. Lakini haukututoa katika dunia hii, ambamo mvua ya mawe huangukia shamba la mwema na la mwovu pia. Yezu mwenyewe aliona njaa na uchovu. Alilia kwa ajili ya Lazaro, rafiki yake. Usiku ule kabla ya kufa kwake alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso, kisha akajitia katika mapenzi ya Baba.

Basi, kulia si dhambi. Kumwambia Mungu kwamba mzigo huu ni mzito si ukosefu wa imani. Mtoto humlilia mama yake kwa sababu anajua kwamba mama yupo.

2. Ulizo linaloua

Lakini lipo ulizo lingine ambalo taabu hulileta upesi kinywani: «Nani ametufanyia hivi?»

Hata wafuasi wa Yezu waliuliza namna hiyo. Injili ya Yoane, sura ya 9, yatueleza kwamba walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Hakukaa kutafuta wa kulaumiwa. Alimpaka kipofu tope machoni, akamtuma kunawa, naye akarudi akiona. Rafiki za Yobu nao walimsumbua kwa kumwambia kwamba maafa yake yametoka katika makosa yake; mwishoni Mungu aliwakemea wao.

Tuwaeleze jambo tuliloliona sisi wenyewe, nalo latuaibisha hata leo. Katika kijiji kimoja tulichokitumikia, mwaka mmoja majani ya mihogo yalijikunja na kutoka madoa ya manjano, na mizizi ikawa myembamba kama vidole. Mwezi uleule watoto wawili wa nyumba moja walikufa kwa surua. Jioni ya maziko watu walianza kunong'onezana, na kabla ya jogoo kuwika jina la mjane mmoja lilikuwa katika kila kinywa: mama mzee, asiye na mtoto, aliyekaa peke yake karibu na mto. Sisi tulijua kwamba ni uongo. Tukanyamaza siku mbili, kwa kuwa tuliwaogopa wenye msiba. Siku ya tatu tulikuta nyumba ya yule mama imechomwa. Yeye alikuwa amekimbilia misioni usiku, miguu ikitoka damu. Tulikwenda kuungama, na Mungu ni mwenye huruma. Lakini majivu yale tungali tunayaona.

Na ukweli ulikuwa nini? Surua hupita kwa pumzi na kikohozi, kutoka mtoto huyu hadi huyu, na chanjo huizuia. Ugonjwa ule wa mihogo hubebwa na vidudu vidogo vyeupe vinavyokaa chini ya majani. Tena sisi wenyewe huueneza tunapokata mbegu katika mashina yenye ugonjwa. Mjane hakuhusika hata kidogo. Nyumba yake ilipochomwa, watoto hawakufufuka, wala mihogo haikupona. Palikuwa na taabu mbili, nasi tukaongeza ya tatu.

3. Mwenye heri Isidore Bakanja

Labda mtasema: «Yapo mateso ambayo kweli yameletwa na mtu.» Ndiyo, na nchi yetu ya Kongo imeyajua sana. Hapo tumtazame ndugu yetu Isidore Bakanja.

Alikuwa kijana mfanyakazi, aliyebatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa shingoni skapulari ya Mama Maria, na aliwafundisha wenzake sala. Msimamizi mmoja mzungu, aliyewachukia mapadri, alimwamuru aivue. Bakanja alikataa. Mwaka 1909 alipigwa kwa kiboko chenye misumari, hata mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliteseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mapadri waliomfikia kabla hajafa walimwomba amsamehe aliyempiga. Aliwajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni vema. Bakanja hakusema kwamba kipigo kile kilikuwa chema. Alipoulizwa, alieleza wazi kwa nini alipigwa. Kusamehe si kuficha uovu, wala si kumzuia hakimu asifanye kazi yake. Kusamehe ni kukataa chuki isiwe bwana wa moyo wetu. Yule msimamizi aliweza kuupasua mgongo wa Bakanja. Hakuweza kumfanya afanane naye.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tusali pamoja nyumbani, baba, mama na watoto, hasa jioni ile ambayo hatuna hamu ya kusali. Tuunganishe maumivu yetu na msalaba wa Yezu katika Misa. Mgonjwa sana aitiwe padri mapema, asingojewe mpaka amepoteza fahamu.

Pili, tutumie akili na mikono tuliyopewa na Mungu. Mtoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya siku ya kwanza, si baada ya kuzunguka kwa wapiga ramli. Watoto wapate chanjo. Mihogo yenye ugonjwa ing'olewe, na mbegu zichaguliwe katika mashina mazima. Sala na dawa hazigombani.

Tatu, tubebeane mizigo. Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika, hakuweza kumwondolea Yezu msalaba. Aliubeba pamoja naye. Kwa mfiwa tusiende na maneno tu: twende na kuni, maji na unga, na tukumbuke kurudi hata baada ya matanga kuvunjwa.

Tukifanya hivyo, taabu haitakoma yote hapa duniani. Lakini twajua kwamba Ijumaa ya msalaba ilifuatwa na asubuhi ya Pasaka, na aliyefufuka anatembea nasi njiani.

Maswali ya kukumbuka

Je, Ubatizo huondoa taabu zote za dunia?
La. Hutupa uzima wa Mungu, ili tusizibebe peke yetu.

Je, ni dhambi kulia wakati wa msiba?
La. Yezu mwenyewe alilia.

Je, mkristu aweza kumtaja jirani kuwa mchawi kwa sababu ya ugonjwa au kifo?
Hata kidogo. Ni kumshuhudia uongo, na huweza kuleta mauaji.

Je, anayenyamaza wakati jirani anasingiziwa ana kosa?
Ndiyo, ikiwa aliweza kusema naye akanyamaza kwa woga.

Azimio la juma hili

Kila mmoja wetu amfikirie mtu wa kijiji chake ambaye watu humnong'ona. Amtembelee kabla ya Dominika ijayo, mchana, mbele ya macho ya wote, akae naye, akubali maji ya nyumba yake.