Fundi wa Namoya na Viza ya Kutafuta Kazi Ughaibuni

Mgodi wa dhahabu wa Namoya, jirani na Salamabila mkoani Maniema, Kongo, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya Banro, kampuni ya Kanada. Septemba 2019 shughuli zikasimamishwa kwa sababu za usalama. Katika miaka hiyo michache, vijana wa Kabambare na Kasongo walipata ufundi ambao zamani ulihitaji safari ya Katanga: kutengeneza mashine kubwa, kuchomelea vyuma, kufunga umeme wa kiwandani, kupima ardhi, kufanya kazi ya maabara. Ajira ilipokwisha, wengi walibaki na ujuzi usio na mwajiri. Baadhi wameshika sululu pamoja na wachimbaji wadogo. Baadhi wanatazama Ulaya na kuuliza kama ni kweli siku hizi mtu anaweza kupewa viza ya kwenda kutafuta kazi.

Ni kweli, viza hiyo ipo na ni halali. Lakini masharti yake yanampima mtu kwa namna ambayo fundi wa Salamabila anapaswa kuielewa kabla ya kuuza hata mbuzi mmoja.

Nchi nyingi za Ulaya hutaka mwajiri kwanza. Ubelgiji, ambako Wakongo wengi wana ndugu, ni mojawapo: mwajiri ndiye anayeombea mfanyakazi kibali. Viza ya kutafuta kazi hugeuza utaratibu huo, kwa kuwa mwombaji huingia nchini kwa muda maalumu na kujitafutia mwajiri akiwa huko huko. Uswidi inayo, ila kwa wenye shahada za juu tu. Falme za Kiarabu zinayo pia, ya siku 60, 90 au 120, kwa wenye fani za ngazi za juu au wahitimu wa vyuo vikuu bora duniani. Iliyo wazi zaidi kwa fundi ni ya Ujerumani, iitwayo Chancenkarte, yaani Kadi ya Fursa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024.

Kadi hiyo humpa mtu hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi. Ndani ya mwaka huo anaruhusiwa kufanya vibarua visivyozidi saa 20 kwa wiki, na kujaribiwa kazini na mwajiri kwa hadi wiki mbili. Akipata kazi inayolingana na fani yake, anaomba kibali cha kudumu zaidi. Asipopata, anarudi kwao.

Kabla ya yote, mwombaji awe na shahada ya chuo kikuu, au cheti cha mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi kinachotambuliwa na serikali ya nchi alikosomea. Aidha, katika ngazi za lugha zinazopanda kutoka A1 hadi C2, awe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Kifaransa hakihesabiwi hapa, hata kama umekisoma tangu darasa la kwanza. Na aonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima. Kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa miezi 12.

Mwenye cheti kilichokwisha kutambuliwa kikamilifu Ujerumani hahitaji kuhesabiwa pointi. Wengine wote wanahitaji angalau pointi 6. Cheti kikitambuliwa kwa sehemu, hizo ni pointi 4. Uzoefu wa miaka mitano katika fani uliyosomea, ndani ya miaka saba iliyopita, ni pointi 3. Wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita ni pointi 2. Kijerumani cha B2 ni pointi 3, B1 ni 2, A2 ni 1. Kiingereza cha C1 kina pointi 1. Asiyezidi miaka 35 ana pointi 2, na aliyevuka 35 bila kuzidi 40 ana 1. Fani zenye upungufu mkubwa, kama uhandisi, udaktari na uuguzi, zina pointi 1 ya ziada.

Tazama sasa jinsi hesabu hiyo inavyomgusa fundi wetu. Chukua mafundi wawili wa mitambo, wote wana miaka 32, wote wana cheti cha miaka miwili, wote walifanya kazi Namoya hadi 2019. Wa kwanza alikwenda Kolwezi akaajiriwa katika gereji ya mgodi, na yuko huko mpaka leo. Ana pointi 2 za umri na 3 za uzoefu. Akijifunza Kijerumani cha A2, anafika 6. Wa pili amekaa mashimoni tangu mgodi usimame. Miaka yake ya Namoya imetoka nje ya kipindi kinachohesabiwa, na uchimbaji wa mikono haumo katika fani aliyosomea. Ana pointi 2 za umri tu. Hata akipanda hadi B2, jambo linalochukua muda mrefu wa kusoma kwa bidii, anaishia pointi 5. Mlango bado umefungwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Uzoefu wa kazi, kwa macho ya viza hii, huchakaa. Kila mwaka fundi anaokaa nje ya fani yake unapunguza thamani ya ile aliyofanya kazi. Kwa hiyo safari ya kwenda Ujerumani huanzia kwenye ajira ya karibu yenye barua na saini: migodi ya shaba ya Kolwezi, mgodi wa dhahabu wa Kibali huko Haut-Uélé unaozalisha tangu 2013, au karakana ya Kindu inayoweka daftari la mishahara. Hata anayetengeneza pampu za maji na mashine za kusagia mawe pale Salamabila anafanya kazi ya fani yake. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi wa maandishi.

Ushahidi huo una msingi wa kisheria. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya kumaliza kazi mkataba unapokwisha. Kama uliwahi kufanya kazi katika kampuni yoyote ukaondoka mikono mitupu, itafute hati hiyo wakati watu wanaokufahamu bado wapo. Na kwa aliyejifunza ufundi kwa kuangalia tu, bila cheti, INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964, ndipo mahali pa kuanzia. Hakikisha mafunzo unayochagua yanafikia miaka miwili, maana cheti cha miezi sita hakitakidhi sharti.

Kuhusu fedha, euro 13,092 ni mali ambayo familia nyingi za Maniema hazijapata kuishika. Hata hivyo zipo njia tatu za kisheria za kutimiza sharti hilo. Ya kwanza ni akaunti iliyofungwa: unaweka fedha kwa jina lako, na ukifika Ujerumani unazitoa kidogo kidogo kila mwezi. Ya pili ni mtu anayeishi Ujerumani kusaini rasmi kwamba atakugharimia. Ya tatu ni mkataba wa kibarua uliopatikana mapema, wenye malipo ya kutosha. Na ukipata mkataba kamili wa kazi ya fani yako ukiwa bado Kongo, Kadi ya Fursa huihitaji tena. Unaomba viza ya kazi moja kwa moja.

Masharti haya ndiyo yanayomfichua tapeli. Fedha za akaunti iliyofungwa ni zako na zinabaki zako. Anayetaka uzitume kwake au kwa jina la kampuni yake anakuibia. Ada ya viza ni euro 75, na hulipwa kwa ofisi inayopokea maombi. Hakuna wakala anayeweza kukuongezea pointi. Anayekuambia kwamba lugha na cheti si lazima, mradi umpe dola elfu mbili leo, anazungumzia viza isiyokuwapo.

Basi, fundi wa Salamabila, usiuze kiwanja wala shamba mwaka huu kwa ajili ya viza. Kwanza rudi katika fani yako, hata kwa mshahara mdogo, na udai barua. Pili, pata cheti kinachotambulika. Tatu, anza Kijerumani, na ujue mapema ni kituo gani kinachotoa mtihani rasmi. Goethe-Institut ipo Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam, uliza hapo. Ukifanya haya matatu ukaacha kwenda Ulaya, hutakuwa umepoteza chochote, kwa maana karatasi hizo hizo ndizo zitakazokuajiri Kolwezi au Kibali.