Kwa Nini Tufani ya Ziwa Huja Usiku?

Ikiwa unakaa Ukerewe au Kome, Magu au karibu na mwalo wa Kirumba pale Mwanza, jambo hili umeliona mara nyingi kuliko mwandishi wa habari hizi. Baba ametoka jioni na wenzake kuvua dagaa. Mwezi haupo, na ndivyo wavuvi wa dagaa wapendavyo, maana taa yang'aa vizuri gizani na dagaa huifuata. Ziwa limetulia, nyota tele. Kisha saa tisa za usiku mama ashtuka kwa ngurumo ya mbali. Afungua dirisha, aona umeme ukimulika upande wa ziwani. Nyumbani halijaanguka hata tone moja.

Kwa nini usiku? Tena kwa nini huko ziwani, wala si hapa? Wako wasemao ni mkono wa mtu. Tusiwacheke, maana jambo lijalo ghafula na kuua humfanya kila mtu atafute wa kumshtaki. Lakini sababu yake yajulikana, na unaweza kuanza kuipima kwa nyayo zako mwenyewe.

Nenda ufukoni saa saba mchana bila viatu. Mchanga wakuunguza hata waruka-ruka. Tia mguu majini, maji ni baridi. Rudi mahali pale pale alfajiri. Sasa mchanga ndio wenye baridi, na maji yana uvuguvugu. Jua ni lile lile, ila nchi kavu hupata moto upesi na kupoa upesi, na maji hupata moto polepole na kupoa polepole. Ziwa letu lina eneo la kilometa za mraba karibu 69,000. Basi ni chungu kikubwa mno, kisichopoa usiku kucha.

Hewa nayo hufanya kama moshi wa jikoni: ikipata moto hupanda, na hewa ya baridi huingia chini kushika nafasi yake. Mchana hewa hupanda juu ya nchi kavu, na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Ndiyo maana alasiri mawingu hujengeka juu ya vilima vya bara, mvua ikanyesha huko, na ziwa likabaki jeupe. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa tanga walijua hayo zamani kabla ya vitabu: upepo wa usiku huwatoa, wa mchana huwarudisha.

Sasa fikiri kidogo. Upepo huo wa usiku hautoki Mwanza peke yake. Hutoka Musoma, hutoka Bukoba, hutoka Kisumu na Entebbe, kila pwani ya ziwa. Pepo hizo zote huelekea katikati, na zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Nazo zimekwisha beba mvuke wa yale maji ya vuguvugu. Mvuke ukifika juu penye baridi hugeuka kuwa matone, kama uonavyo chini ya kifuniko cha sufuria ya wali. Ukigeuka hivyo hutoa joto lake, na joto hilo hulisukuma wingu lizidi kupanda, hata kupita kilometa 15, yaani zaidi ya mara mbili ya Kilimanjaro. Huko juu ni barafu tupu.

Mwishowe maji na barafu huwa vizito, vikashuka pamoja na hewa baridi sana. Hewa hiyo ikigonga uso wa ziwa husambaa pande zote kwa nguvu. Huo ndio upepo upinduao mitumbwi, nao hutangulia mvua. Mvuvi angojaye tone la kwanza ndipo akusanye nyavu amekwisha chelewa. Kadirio litajwalo mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili zima, la Tanzania, Uganda na Kenya.

(Ndugu zetu wa Bukoba hupata faida ya ziwa hili. Pepo za mashariki hulivuka zikikusanya mvuke na kuumwaga kwao, ndiyo maana wao hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi Mwanza kama nusu yake. Migomba yao yaeleza yote.)

Mwaka 2016 wataalamu wa Ubelgiji na wenzao walitangaza walichopata katika kulichunguza ziwa hili kwa picha za satelaiti na kwa hesabu za kompyuta. Hewa ikizidi joto kwa digrii moja yaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo, ikiwa dunia itaendelea kuchoma mafuta na makaa ya mawe kwa wingi, zile tufani kali mno zilizokuwa zikija mara moja katika miaka 15 zaweza kuja karibu kila mwaka ifikapo mwisho wa karne hii. Lakini walipata pia jambo la kutusaidia: mvua za ngurumo za alasiri huko bara hutoa dalili ya tufani ya ziwani usiku ule.

Basi, alasiri ikiwa na ngurumo nyingi upande wa bara, iangalie jioni kwa mashaka, hata kama ziwa limelala kama mafuta ndani ya bakuli. Na aliye majini akiona umeme, ahesabu sekunde hadi asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Hesabu ikipungua kila mara, wingu lamjia.

Pale Mwanza ipo rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, mashine ipelekayo mawimbi yakagonga matone ya mvua na kurudi, nayo Mamlaka hutoa utabiri wa ziwa. Mtoto mmoja nyumbani apewe kazi ya kuusikiliza redioni, kisha akimbie mwaloni kumwambia baba kabla mtumbwi haujasukumwa majini.